Je, Wajua? Mdenmark aliyeitawala Le Mans

Je, wajua kwamba hakuna dereva aliyeshinda mbio za saa 24 za Le Mans, kule Ufaransa, mara nyingi kuliko Tom Kristensen wa Denmark? Amezishinda mara 9.

Mwaka 1997 aliitwa siku chache tu kabla ya mbio, akaungana na Michele Alboreto na Stefan Johansson katika Porsche ya timu ya Joest. Ilikuwa mara yake ya kwanza Le Mans. Usiku alikanyaga mafuta na kuweka muda bora wa mzunguko katika mbio zile. Wakashinda.

Kuanzia 2000 hadi 2005 alishinda kila mwaka, mara 6 mfululizo: mara 5 kwa gari la Audi na mara moja, 2003, kwa Bentley. Ushindi wa 2005 ulivunja rekodi ya Mbelgiji Jacky Ickx, aliyekuwa na mataji 6. La nane lilikuja 2008.

Taji la 9, la 2013, ndilo linalogusa moyo zaidi. Baba yake alikuwa amefariki miezi michache kabla. Kisha, dakika za mwanzo za mbio zenyewe, Mdenmark mwenzake Allan Simonsen alipata ajali na kupoteza maisha. Kristensen aliendelea kupokezana usukani na Allan McNish na Loïc Duval hadi wakashinda, na ushindi ule akautoa kwa heshima ya Simonsen. Alistaafu mwaka uliofuata.