Padre wa Viatu vya Theluji

Nina miezi minane sasa katika kituo cha mbali nilichohamishiwa, ambako barua huchelewa, paa la nyumba yangu huvuja, na lugha ya wenyeji siijui. Hata nikaandika barua ya kuomba nihamishwe, imejaa malalamiko kurasa tatu. Kabla sijaitia sahihi, nilisoma habari za Padre Frederic Baraga.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1797 katika nchi ambayo leo ni Slovenia. Alisomea sheria mjini Vienna, kisha akamwachia dada yake urithi wa mashamba, akawa padre. Mwaka 1831 alifika kwa Waottawa wa Michigan, Marekani, na mwaka 1835 akahamia kwa Waojibwe, kandokando ya Ziwa Superior, lililo kubwa kuliko Victoria yetu. Huko theluji hufunika njia zote. Padre alikwenda kwa miguu kijiji hata kijiji, amejifunga nyayoni viunzi vya mti vilivyofumwa kwa kamba za ngozi, ili asizame.

Mwaka 1846 alivuka ziwa hilo kwa mashua ndogo pamoja na Louis Gaudin, kiongozi wake. Dhoruba ikawakuta majini. Wakaponea mdomoni mwa mto, na hapo ufuoni wakasimamisha msalaba wa mti. (Tusomapo habari za mapadre, mara nyingi twamsahau mshika kasia.)

Walakini, si dhoruba iliyonitia haya. Mwaka 1850 Padre alitoa sarufi ya Kiojibwe, na mwaka 1853 kamusi yake. Hayo hayapatikani ila kwa kuketi na watu na kuwauliza neno baada ya neno. Mimi je? Hata kumjulia hali mzee jirani yangu siwezi.

Mwaka 1866, akiwa askofu, alishikwa na kiharusi mkutanoni Baltimore, mji usio na baridi kama ile. Akasihi arudishwe kwake. Akarudishwa, naye akafa Marquette, tarehe 19 Januari, 1868.

Barua yangu ingali sarakani. Paa lingali likivuja, na juu ya hilo nitaandika tena. Lakini nimenunua daftari, na mfagiaji wa ofisi yetu amekubali kuwa mwalimu wangu. Tumefika maneno arobaini. Matamshi yangu humchekesha mno.