Kuhesabu Maikrosekunde: Somo la Awali la Lugha ya Asembli

Maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyotiwa katika kipande kimoja cha silikoni: kichakataji, kumbukumbu, na njia za kupokelea na kutolea ishara. Vipande vya namna hii vimo katika mizani za dukani, mita za umeme na mashine za kufulia nguo. Kimojawapo kinachofaa sana kwa mafunzo ni 8051, kilichotolewa na kampuni ya Intel ya Marekani mwaka 1980. Kina miguu 40, kumbukumbu ya kudumu ya baiti 4,096, na kumbukumbu ya muda ya baiti 128 tu. Umbo lake la ndani lingali linatumika katika vipande vinavyotengenezwa leo.

Kichakataji hufahamu namba tupu. Kwacho, 01111111 11111000 ni amri kamili: tia namba 248 katika rejista ya saba. Katika lugha ya asembli amri hiyohiyo huandikwa MOV R7,#248. Programu iitwayo asembla huigeuza amri moja ya mwandishi kuwa amri moja ya mashine, bila kuongeza wala kupunguza. Lugha ya C haina sifa hiyo, kwani mstari wake mmoja waweza kuzaa amri mbili au ishirini. Kwa kazi kubwa, C ndiyo ifaayo, na anayeshikilia asembli huko anajitesa bure. Lakini asembli humwonyesha mwanafunzi jambo ambalo C humficha: kila amri hugharimu muda, na muda huo huhesabika.

Tuchukue 8051 yenye fuwele itetemayo mara milioni 12 kwa sekunde. Hatua moja ya mashine huchukua mitetemo 12, yaani maikrosekunde moja, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Amri nyingi huchukua hatua moja au mbili. Kuzidisha na kugawanya huchukua nne.

Sasa tunataka taa ndogo iliyofungwa kwenye mguu P1.0 ibadilike kila nusu sekunde. Tukiamuru tu ibadilike na kurudia, itabadilika kila maikrosekunde tatu, na jicho litaona mwanga usiokatika. Hatuna budi kukichelewesha kichakataji kwa kukipa kazi ya kuhesabu. Rejista yenye biti 8 haishiki namba zaidi ya 255. Kwa hiyo twahitaji vitanzi vitatu, kimoja ndani ya kingine:

ANZA: CPL P1.0
MOV R5,#4
NJE: MOV R6,#250
KATI: MOV R7,#248
NOP
NDANI: DJNZ R7,NDANI
DJNZ R6,KATI
DJNZ R5,NJE
SJMP ANZA

CPL huigeuza hali ya taa. DJNZ hupunguza rejista kwa moja, na ikiwa haijafika sifuri huruka hadi mahali palipotajwa. Huchukua hatua mbili, kama SJMP. Nyingine zote huchukua moja. NOP haifanyi kitu chochote, na wanafunzi huicheka. Hebu tuhesabu kitanzi cha kati: 1 + 1 + (248 × 2) + 2 = 500. Bila NOP tungepata 499.

Mara 250 hufanya 125,000. Ongeza 3 za kitanzi cha nje, zidisha kwa 4, kisha ongeza 4 za amri zilizobaki: 500,016. Programu nzima ni baiti 17, nayo imekosea kwa maikrosekunde 16.

Kwa taa, kosa hilo si kitu. Lakini tuseme mwanafunzi ameitumia programu hii kuendesha kengele ya shule. Siku moja ina nusu sekunde 172,800. Kwa hiyo, hata fuwele ikiwa sahihi kabisa, saa yake itachelewa karibu sekunde 2.8 kila siku. Baada ya siku 90 kengele italia dakika nne nyuma ya wakati. Tena, muda wote huo kichakataji kimeshughulika na kuhesabu tu: mtu akibonyeza kitufe, hakitambui.

Dawa ya kasoro zote mbili imo ndani ya 8051 yenyewe. Kina vihesabio viwili vinavyoongezeka peke yake kila hatua ya mashine. Kihesabio kikiwekwa katika hali ya kujijaza upya, kikaanzia 6, hufurika baada ya hatua 250, hujirudisha kwenye 6, na kukikatiza kichakataji kwa kitambo kidogo. Mifuriko 2,000 ni maikrosekunde 500,000 kamili. Namba 2,000 haiingii katika rejista moja, basi mwanafunzi atatumia mbili, 8 na 250, na kuhakikisha kwamba kazi ya kila ukatizaji inamalizika kabla ya hatua 250 kupita.