Vijisenti vya Intaneti: Zawadi au Ujira?

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, nilimkuta binti yangu ukumbini amejiinamia, simu mkononi, anachora vijisanduku juu ya picha. Nilipochungulia niliona njia ya mji wa kigeni, theluji imetanda na magari yamepangana pembeni. Kila gari alilizungushia mstari, akabonyeza, ikaja picha nyingine.

"Wafanyani, mwanangu?" nikamwuliza.

"Naifunza mashine kujua gari, baba. Kila nikimaliza fungu wanipa zawadi."

Neno hilo zawadi lilinigutusha. Zawadi, wasomaji wapenzi, mtu hukupa kwa hiari yake. Ukipewa washukuru, usipopewa huna la kudai. Ujira ni jambo jingine kabisa. Chuoni tulifunzwa kwamba mtu hulipwa ujira wake kabla jasho halijakauka, na kwamba kazi na malipo yake hujulikana kabla mkono haujaanza. Basi kijana anayekesha saa nzima akichora visanduku, je, anapewa zawadi au anadai ujira?

Kazi za namna hii zimeenea sana. Wako wanaojaza maswali ya wafanyabiashara wanaotaka kujua watu hupenda sabuni gani. Wako wanaotazama matangazo, wanaosoma maneno ili sauti zao zinaswe, na wanaobandika picha majina. Hapa petu mlango ulifunguka mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari. M-Pesa nayo ilikuwa imekwisha anza tangu 2007. Pakawa na njia ya kazi kuingia nyumbani, na njia ya vijisenti kutufikia mfukoni.

Asili ya mambo haya ina kisa. Mnamo mwaka 1770, huko Vienna, Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Malkia Maria Theresa mashine ya kucheza sataranji. Ilikuwa sanduku kubwa, na juu yake sanamu la mtu aliyevaa kilemba kama Mturuki. Sanamu hilo lilisogeza kete lenyewe na kuwashinda wengi, na baadaye hata Napoleon alicheza nalo. Watu walistaajabu jinsi chuma na mbao vilivyopata akili. Kumbe ndani ya sanduku alijificha mchezaji hodari, binadamu kama wewe na mimi!

Mwaka 2005 kampuni ya Amazon ilifungua soko la kazi ndogo ndogo za intaneti, ikaliita Mechanical Turk, yaani Mturuki wa mashine, kwa jina la sanduku lile lile. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani wakaitangaza hazina ya ImageNet, yenye picha zaidi ya milioni 3, zilizopangwa majina kwa mikono ya watu wa soko hilo. Hazina hiyo ilisaidia sana kuifikisha akili bandia hapa ilipo. Kwa hivyo tunaposifu mashine yajua kutambua gari, tukumbuke kuna mtu sandukuni. Safari hii mmoja wao alikuwa ukumbini mwangu.

Nilitaka kuonja mwenyewe. Nikajiandikisha mahali pa kujibu maswali. Nikaulizwa umri, kazi, vyumba vya nyumba yangu, kama nina gari na nanunua chai ya aina gani. Nikajibu kwa robo saa, kwa uaminifu. Mwishoni nikaambiwa: samahani, hufai kwa uchunguzi huu. Sikupata hata senti, na majibu yangu sikurudishiwa. Nilikataliwa kazi nilipokuwa nimekwisha ifanya!

Binti yangu yeye alivumilia. Alikuwa amemwahidi nyanyake leso ya Idi. Kwa siku 21 alifanya kazi saa 31, nazo nilizijua kwa sababu nilimwambia aziandike daftarini. Akafikisha dola 9 na senti 30, sawa na shilingi kama 1,200. Ukitoa bando la shilingi 20 kila siku, zilibaki shilingi 780. Zigawanye kwa zile saa 31: shilingi 25 kwa saa. Sharti lilikuwa hutoi pesa mpaka zitimie dola 10. Zikisalia senti 70 tu, akaunti ikafungwa. Hakuelezwa kosa lake, wala hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Hakulia mbele yangu. Lakini nyanyake alimwona macho yalivyomwiva, akamwita, akamwonyesha kofia ya vito aliyokuwa akiishona.

"Mjukuu wangu," akamwambia, "mimi pia hushona wakati wa nafasi, baina ya sala na sala. Mnunuzi akiikataa kofia yangu, kofia hubaki yangu, nikampa mwingine. Wewe wamekukataa, na kazi yako wamebaki nayo."

Mimi nimeandika mashairi miaka mingi, lakini sijapata kuona jambo likielezwa kwa ufupi kama vile.

Sisemi vijana waache. Shilingi 780 ni shilingi, na kazi nyingine haikungoja mlangoni. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba ni kipimo. Vibaba vinne ni pishi, ile tunayopimia zaka ya fitri. Asiyepima hajui kama kimejaa au kinavuja.

Basi mwenye kufanya kazi hizi aandike saa zake na gharama zake. Aulize kwanza pesa hutolewa zikifika ngapi, na zikifika tu azitoe, asiziache kwa mwenyewe. Akiambiwa alipe ndipo apewe kazi, akimbie, maana hapo yeye ndiye anayeliwa. Picha ya kitambulisho chake asimpe kila aombaye. Na asiifanye kuwa nguzo ya nyumba. Machi 2024 Remotasks ilifunga milango yake kwa wafanyakazi wa Kenya, na waliokuwa wakiitegemea wakapewa habari hiyo kwa barua ya mtandao.

Nyanya alinunuliwa leso yake, ila kwa pesa zangu. Binti yangu amepata mahali pengine, na mara ya kwanza amelipwa kamili. Juzi nilimsikia akinong'ona peke yake, kalamu mkononi: "Hii haifiki hata bando. Siifanyi." Akaifunga simu, akaenda kujifunza kushona kofia. Ubeti huu nimempa yeye, na wenziwe wote:

Haba zako zihesabu, mwanangu mpenda kazi,
Andika kwenye kitabu, saa hata matumizi,
Kulipwa kwako wajibu, si zawadi ya mlezi,
Kibaba chako chavuja, kizibe ndipo ujaze.