Fahamu: Kwa nini pilipili huunguza bila moto

Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021 walipewa David Julius na Ardem Patapoutian wa Marekani, waliobaini namna neva zinavyotambua joto na mguso. Mwaka 1997 Julius na wenzake, wakitumia kapsaisini, yaani kemikali inayoipa pilipili ukali wake, waliripoti protini ya TRPV1, ambayo ni mlango mdogo katika utando wa neva unaofunguka joto linapozidi takriban nyuzi 43 za Selsiasi, au kapsaisini inapoushika, ukaruhusu chembe zenye chaji kuingia na kuzalisha ishara ya umeme inayosafiri hadi kwenye ubongo. Anayetokwa machozi kwa pilipili kichaa, basi, hajaungua hata kidogo, ingawa ubongo wake, kwa taarifa ulizopokea, haujakosea.

Mguso una mlango wake, PIEZO2, uliotambuliwa na kundi la Patapoutian mwaka 2010, ambao hufunguka utando unapobonyezwa. Watu wachache waliozaliwa nao ukiwa haufanyi kazi hutembea kwa shida wakifungwa macho, kwani ndio pia unaouarifu ubongo kuhusu mkao wa viungo, lakini wakifinywa bado husikia maumivu.