SIMU ZA UPEPO ZA MKONONI: KUBADILISHA VIRUNGU NA MAGANDA YALIYOCHAKAA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaotumia simu za upepo za mkononi, ambazo wengi wetu huziita redio koli, wanaelezwa hapa namna ya kubadilisha virungu, mipira na ganda la nje pindi vinapochakaa. Simu nyingi za zamani huwekwa kando, au huombewa kufutwa katika daftari la mali, hali ya kuwa mtambo wake wa ndani ni mzima. Nyingine huendelea kutumiwa zikiwa zimefungwa kwa mpira wa baiskeli na utepe wa umeme. Njia zote mbili hazifai, na ya pili ina hatari zaidi.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba kirungu si pambo. Chukua mfano wa GP340 ya Motorola, simu ambayo haitengenezwi tena lakini bado imo mikononi mwa watu wengi duniani. Simu hii ina chaneli 16 na haina kioo cha kuonyesha namba. Mtumiaji hujua yupo chaneli gani kwa kutazama alama iliyopo kwenye kirungu tu. Kirungu hushika shina dogo lililochongwa upande mmoja ili kisizunguke ovyo. Plastiki ya ndani ikipasuka au ikilika, kirungu huteleza juu ya shina; alama ikasema chaneli ya 6 na mtambo ukawa upo chaneli ya 7. Mlinzi wa zamu ataita mpaka sauti imkauke, na wenzake watadhani amelala.

Kitufe cha kubonyeza wakati wa kusema ni jambo zito kuliko hilo. Kitufe hiki hufunikwa kwa mpira, na mpira ukizeeka hupasuka, hupoteza mnyumbuko na mara nyingine hubakia umezama ndani. Hapo simu huendelea kutuma bila ya mwenyewe kujua. Chaneli moja haiwezi kubeba wasemaji wawili kwa pamoja. Kwa hivyo simu moja iliyokwama huweza kuwanyamazisha wote waliomo katika chaneli hiyo, huku betri yake ikiisha na mwili wake ukipata moto. Simu nyingi zinaweza kupangiwa muda wa juu wa kutuma, ambao ukipita hujikatia zenyewe, lakini mpango huo sharti uwe umewekwa. Ikiwa simu iliyokwama ni ya baharini nayo ipo chaneli ya 16, yaani megahezi 156.8, iliyotengwa kwa wito na kwa kuomba msaada wakati wa hatari, basi chombo kinachozama jirani kinaweza kuita kisisikike. Mpira wa kitufe ni kitu cha thamani ndogo, na hakuna udhuru wa kuuacha mpaka upasuke kabisa.

Kwetu visiwani ganda lina kazi nyingine, nayo ni kuzuia chumvi. Upepo wa bahari huingiza unyevu wa chumvi penye ufa wowote, na shaba ya ndani hufanya kutu ya kijani. Ufa mwembamba kama unywele karibu na antena watosha. Wala usisafishe ganda kwa petroli, tina au asitoni, kwani plastiki ya maganda mengi hulainika au hupasuka ikiguswa na vitu hivyo. Kitambaa kilicholowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo kinatosha.

Kazi yenyewe huanza kwa kuzima simu na kutoa betri. Asifungue mtu simu ambayo betri yake ingali mahali pake. Kisha antena hufunguliwa. Virungu hutolewa kwa kuvutwa juu moja kwa moja. Watu wengi hutumia koleo na kukilaza kirungu upande, na hapo ndipo shina hupinda, na shina likipinda matengenezo huwa makubwa. Njia salama ni kupitisha utepe wa kitambaa kigumu chini ya kirungu, kuzishika ncha zake mbili na kuvuta kwa nguvu za wastani. Kirungu kipya kitaingia kwa namna moja tu, ule upande bapa wa shina ukikutana na ubapa wa kirungu. Kisilazimishwe. Wala kisitiwe gundi, kwani gundi huteremka katika shina na kuligandisha, na atakayekuja kukitoa tena atalivunja.

Kubadilisha ganda kunataka mkono mtulivu zaidi. Baadhi ya simu zina skrubu ndogo nyuma, penye nafasi ya betri, na nyingi katika hizo hutaka bisibisi yenye kichwa cha nyota. GP340 yenyewe hushikiliwa kwa kulabu: uti wa chuma huinuliwa taratibu upande wa chini kwa bisibisi bapa, kisha huvutwa kutoka katika ganda. Hapa fundi asiwe na pupa. Spika imekaa katika ganda la mbele, nayo imeunganishwa na mtambo kwa utepe mwembamba wa nyaya. Anayevuta kwa ghafla huukata. Utepe huo ufunguliwe kwanza, ndipo sehemu mbili zitenganishwe. Spika ihamishwe ikiwa nzima, pamoja na kitambaa kinachoizuia vumbi.

Pete ya mpira inayozunguka maungio ibadilishwe kila ganda linapobadilishwa. Pete kuukuu huwa imelala bapa, na haizibi tena hata ikionekana nzima. Hata hivyo, simu iliyofunguliwa nje ya karakana yenye vifaa vya kupimia uvujaji isihesabiwe tena kuwa haipitishi maji, hata kama ilipotoka kiwandani iliandikwa hivyo. Apewe mtumishi wa ofisini au wa lango, si wa boti.

Katika kununua vipuri, chukua simu yenyewe au nakili namba kamili ya aina yake. Maganda ya kuiga yapo mengi, na mengine ni mazuri ya kutosha, lakini hutofautiana kwa upana mdogo sana, na tundu la maikrofoni likikosa mahali pake sauti hutoka kama ya mtu aliyezibwa mdomo. Anayetunza simu nyingi za aina moja anaweza kuiweka moja mbovu iwe akiba ya vipuri, kwa idhini ya maandishi ya mwenye dhamana ya mali.

Lebo yenye namba ya simu isitupwe pamoja na ganda kuukuu. Namba hiyo ndiyo iliyomo katika daftari, na mkaguzi ataitafuta. Kubadilisha ganda hakubadilishi masafa wala kibali cha kuyatumia, kinachotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Lakini kuingiza masafa mengine ndani ya simu ni jambo jingine kabisa, na halimo katika ruhusa ya fundi wa maganda.

Simu zenye alama ya Ex, zinazotumika katika maghala ya mafuta na penye gesi, zisifunguliwe kabisa na fundi wa kawaida. Zimetengenezwa zisitoe cheche ya kuwasha mvuke. Ganda, pete na betri vyote ni sehemu ya usalama huo, na simu ikishafunguliwa na asiyeidhinishwa haifai tena kuingia mahali hapo, ijapokuwa inasema vizuri.

Baada ya kufunga, rejesha antena kwanza ndipo betri, kwani kutuma bila ya antena huweza kuunguza mtambo. Chukua simu ya pili, zungusha kirungu chaneli kwa chaneli mpaka ya mwisho, na katika kila moja ita na usubiri jibu. Kila unapoachia kitufe, taa nyekundu sharti izimike papo hapo. Ikichelewa, mpira wa kitufe haukukaa sawa. Ifunguliwe tena kabla ya kukabidhiwa kwa mtumiaji.