Daftari Likioza, Mnyonge Ndiye Hulia

Mkulima yeyote wa Kabuchai anamjua dumuzi. Gunia la mahindi huonekana zima kwa nje, kumbe ndani punje zimekwisha kuwa vumbi. Ndivyo zilivyo kumbukumbu zinazowekwa katika kompyuta: huharibika kimyakimya, na mwenye mali hugundua siku ya haja.

Shangazi yangu, mkulima wa kahawa karibu na Chwele, aligundua siku ya malipo. Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimehamishia madaftari yake kwenye kompyuta. Karani alipindua tarakimu mbili za nambari yake ya uanachama, na kilo zake zote zikaandikiwa jirani. Alipolalamika alijibiwa, "Mama, kompyuta haikosei." Ilipofunguliwa nakala ya akiba, kosa lilikuwamo vilevile, kwani kila usiku nakala mpya ilifuta ya jana. Kilichomwokoa ni risiti za karatasi alizozifunga kwa kitambaa chini ya godoro.

Msomaji mpendwa, haya si mambo ya vijijini tu. Mwaka 2022 kampuni ya KPMG ilikagua sajili ya wapiga kura wa Kenya, ikakuta rekodi 481,711 zilizojirudia na majina 246,465 ya watu waliokwisha kufariki. Sajili yenyewe ilikuwa na wapiga kura milioni 22 na ushei. Walio hai wanapoandikwa mara mbili na wafu kubaki daftarini, imani ya wananchi kwa matokeo hutikisika hata kabla kura haijapigwa.

Waliobobea katika kazi hii wanajua dawa. Kwanza ni kinga: kompyuta iamriwe kulinganisha jina na nambari kabla ya kupokea maandishi, na ikatae nambari moja kupewa watu wawili. Umeme ukikatika katikati ya malipo, ama hesabu ikamilike pande zote mbili, ama ifutwe yote, isibaki nusu. Pili ni kuchungua: daftari lilinganishwe na jingine mara kwa mara, kabla mwenye haki hajaja kulia mlangoni. Tatu ni kutengeneza: ziwekwe nakala za siku, za wiki na za mwezi, mbali na ofisi, na zijaribiwe kama kweli zinafunguka. Nakala isiyojaribiwa ni sawa na mbegu iliyohifadhiwa bila kujulikana kama itaota. Kila sahihisho nalo liandikwe limefanywa na nani na lini, ili tiba isiwe mlango wa wizi.

Lakini mashine haina aibu. Aibu ni ya mwenye kuitumia. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo zinazomdhuru, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeitilia nguvu haki hiyo. Basi karani anayemwambia mkulima kwamba kompyuta haikosei anamnyima haki aliyopewa na Katiba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shangazi alilipwa hatimaye, baada ya misimu miwili. Risiti zake bado ziko chini ya godoro, nami sijathubutu kumshauri azitupe.