Utumbo Ukiziba, Usinyamaze Lindoni

Askari hufundishwa kuvumilia. Lakini yako maumivu ambayo kuyavumilia ni kuyahatarisha maisha. Tumbo likivimba, matapishi yasipokoma, na mtu akakosa choo hata upepo, huenda utumbo umeziba.

Sababu ni nyingi: ngiri iliyonaswa, makovu yaliyobaki tumboni baada ya upasuaji wa zamani, au utumbo mpana uliojisokota, maradhi yanayofahamika sana Afrika Mashariki. Sehemu iliyobanwa ikikosa damu huoza, kisha hutoboka, na sumu ikaenea mwilini.

Kwa miaka mingi daktari alitegemea mikono yake na picha ya eksirei, ambayo mara nyingine haionyeshi kizuizi. Skana kubwa huona vizuri zaidi, ila haipatikani katika kila hospitali. Hapo ndipo mashine ndogo ya mawimbi ya sauti inapofaa. Daktari humpaka mgonjwa ute maalumu tumboni, hupitisha kifaa, na kutazama kwenye kioo palepale kitandani. Utumbo mwembamba uliotanuka kupita milimita 25, na uchafu ulioyeyuka ndani yake ukienda mbele na kurudi nyuma, ni dalili za kizuizi. Mashine hii haina mionzi. Hata hivyo, hewa nyingi tumboni huificha picha, na jicho lisilofunzwa hukosea.

Rwanda imeyajali mafunzo hayo. Mwaka 2008 madaktari wa hospitali za Rwinkwavu na Kirehe walifundishwa kuitumia mashine hiyo. Katika vipimo 345 vya mwanzo, vya wajawazito vikiwa vingi kuliko vya kila aina nyingine, zaidi ya 4 katika kila 10 vilibadili mpango wa matibabu. Baadaye, mjini Kigali, Hospitali ya Chuo Kikuu, CHUK, ikawa chuo cha mabingwa wa tiba ya dharura, nao hujifunza kuipima miili kwa mawimbi hayo. Huko Kanombe, Hospitali ya Kijeshi huwapokea askari na raia pia.

Lakini mashine haimfuati mgonjwa kambini. Kwa hiyo tunawasihi ndugu zetu: mwenzenu akipatwa na dalili hizo, asimeze haluli, asile wala asinywe, apelekwe hospitali mara moja. Aeleze pia kama amewahi kupasuliwa. Kusema unaumwa si woga. Mlinzi mwema hutoa taarifa mapema, kabla adui hajaingia ndani.